Mchele wa Manjano na Amana ya Ulimi



Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mwenye kuipasua mbegu ikatoa mmea, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu wasomaji, makala ya wiki hii ni deni. Tulisema neno mbele ya watu bila ya kulihakikisha, neno hilo likafika mahali ambapo hatukulituma, na mwenye kukosea hadharani hana budi kujirekebisha hadharani. Tumekwisha kuyasema haya darasani. Leo twayaandika ili yawafikie na wale ambao hawakuwapo.

Ilikuwa hivi. Katika darsa ya akina mama ya siku ya Alhamisi baada ya Sala ya Alasiri, tulipokuwa tukisoma mlango wa vyakula, dada mmoja alituuliza kuhusu mchele wa rangi ya manjano. Alikuwa amesikia kwamba kuna mchele uliogeuzwa jeni ili uwape watoto vitamini A, na akataka kujua kama ni halali kuula. Siku chache kabla ya hapo tulikuwa tumeletewa kwenye simu ujumbe wa sauti juu ya jambo hilo hilo. Msemaji hakujitaja jina, ila alisema kwa kujiamini sana: kwamba mchele huo umetiwa jeni za wanyama, na kwamba makusudio yake ni kukata kizazi. Nasi tukajibu papo hapo kwa yale yale tuliyoyasikia. Tena tukaongeza la kwetu, kwamba mama wa Kiislamu ajihadhari na kila kitu cha vitamini hiyo kinachogawiwa bure, kwani hakuna atoaye bure pasi na sababu.

Akina mama waliandika. Hilo ndilo linalotuuma zaidi. Waliandika katika madaftari yao, kama wanavyoandika hukumu za udhu na nguzo za sala.

Zikapita wiki kadhaa, surua ikaingia mtaani. Usiku mmoja baada ya Isha akabisha hodi binti mmoja wa mtaa wetu ambaye ni muuguzi. Ahli wetu alimkaribisha ndani, lakini hakukaa.

“Maalim,” akasema, “nimekuja kukuomba tufuatane hadi nyumba ya tatu kutoka msikitini.”

“Kuna nini, mwanangu?”

“Kuna mtoto wa miaka miwili ana surua. Mama yake amepokea dawa ya homa, lakini vitamini A ameikataa. Asema Maalim alikataza.”

Tulinyamaza. Yule binti, kwa adabu na bila ya kutulaumu hata kwa neno moja, alitueleza kwamba surua huimaliza akiba ya vitamini A mwilini mwa mtoto, na kwamba mtoto anapopungukiwa hivyo macho yake huwa hatarini. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mtoto mwenye surua apewe dozi mbili, moja leo na nyingine kesho yake, ili kuyahifadhi macho na kupunguza hatari ya kifo. Akasema dawa ile haihusiani kwa lolote na mchele wa manjano, ila ni vitamini iliyo ndani ya mafuta.

Tulivaa kanzu tukatoka. Tulimkuta mama amempakata mtoto, macho ya mtoto mekundu, taa imepunguzwa. Tukamwambia, “Mwanangu, yale tuliyoyasema darasani tulikosea. Mpe mtoto dawa.”

Alitutazama kwa muda, kisha akauliza: “Maalim, lile la kwanza ulilijua au ulilisikia?”

“Tulilisikia.”

“Na hili la sasa?”

Hatukuwa na jibu ila la kweli. Tulimwambia kwamba na hili pia tumelisikia, lakini kwa mwenye elimu yake, naye yupo hapa, muulize mwenyewe. Naye akauliza. Dawa ni ya nini? Imetokana na nini? Gamba la kidonge limetengenezwa kwa ngozi ya mnyama gani? Muuguzi akamjibu moja baada ya jingine. Akamwonyesha kwamba kidonge hukatwa ncha, mafuta yaliyomo yakakamuliwa kinywani, na gamba lenyewe mtoto halimezi, hutupwa. Alipotosheka, mama alikifungua kinywa cha mtoto kwa mkono wake mwenyewe.

Alhamdulillah, mtoto alipona. Lakini kupona kwake ni rehema ya Allah, si utetezi wetu. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha kwamba ikitujia habari tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki kujuta. Aya hiyo tumeisomesha kwa zaidi ya miaka thelathini. Usiku ule, tukirudi nyumbani, ndipo tulipotambua kwamba siku zote tulikuwa tukiwasomea watu wengine.

Basi tukaona kwamba kusema “tulikosea” hakutoshi. Aliyeuliza juu ya mchele wa manjano alikuwa bado hajajibiwa. Tulitafuta, tukasoma, tukawauliza wanaojua kilimo na wanaojua tiba, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Vitamini A ni kitu ambacho mwili hauwezi kukiumba wenyewe, sharti ukipate katika chakula. Huipata tayari katika maini, mayai, maziwa na samaki, au huitengeneza kutokana na rangi ya manjano iitwayo beta-karotini, iliyomo katika majani ya kijani na matunda na mboga zenye rangi hiyo. Mtoto akiikosa kwa muda mrefu, huanza kwa kutoona vizuri jua likishatua, na mwishowe jicho lenyewe huharibika. Tena huwa dhaifu mbele ya maradhi mengine. Kwa miaka mingi makadirio ya Shirika la Afya Duniani yamekuwa kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka duniani kwa sababu hii, na kwamba nusu yao hufariki ndani ya miezi 12 baada ya kupofuka. Wengi wao ni watoto wa maskini wanaokula wali mtupu au ugali mtupu kutwa mara mbili.

Mpunga una ajabu yake. Jani lake lina beta-karotini, bali punje yake haina. Wanasayansi wawili, Ingo Potrykus wa Uswisi na Peter Beyer wa Ujerumani, walijiuliza kama punje nayo ingeweza kufanya kile ambacho jani hufanya. Mwaka 2000 walitangaza kwamba wamefaulu, kwa kuutia mpunga jeni za ua fulani la Ulaya na za bakteria wa udongoni. Kiasi cha beta-karotini kilikuwa kidogo mno. Mwaka 2005 watafiti wengine waliiondoa jeni ya ua wakaweka ya mahindi, na kiasi kikaongezeka hadi mara 23. Punje ikawa ya manjano kama wali uliotiwa bizari, na watu wakauita mchele wa dhahabu.

Basi jeni mbili zinazoifanya punje hiyo iwe ya manjano zimetoka katika mahindi na katika bakteria wa udongoni. Hazikutoka kwa nguruwe wala kwa mnyama mwingine yeyote. Na hilo la kukata kizazi hatukuliona katika kazi ya mtafiti yeyote. Mamlaka za chakula za Australia na New Zealand, Kanada na Marekani zilikagua mchele huo kati ya mwaka 2017 na 2018 na hazikuona kwamba una hatari kwa mlaji. Hayo mawili tuliyoyasema darasani twayaondoa, na kila aliyeyaandika katika daftari lake twamwomba ayafute.

Sasa tuje kwenye hukumu. Wengi hutia shaka kwa kusema kwamba kugeuza jeni ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu, na katika Suratun Nisaa tumeelezwa kwamba Iblisi aliapa kuwaamrisha watu wayabadilishe. Shaka hiyo ni ya mtu mwenye kumcha Mola wake na haifai kudharauliwa. Lakini wanavyuoni wameitazama kwa makini. Jopo la Fiqhi la Rabita ya Kiislamu, lililokutana Makka mwaka 1998, liliruhusu elimu hii itumike katika kilimo na mifugo kwa sharti la kuchukua tahadhari zote zisipatikane dhara kwa mtu, kwa mnyama wala kwa mazingira. Baraza la Maulamaa la Indonesia nalo lilitoa fatwa mwaka 2013 iliyoruhusu kwa masharti: iwe na manufaa, isiwe na madhara, na wala kisitumike kitu cha haramu kama vile nguruwe au kiungo cha mwanadamu. Yote mawili yamesimama juu ya kanuni tunayowasomesha watoto chuoni, kwamba asili ya vitu ni kuruhusika mpaka ipatikane dalili ya kukataza.

Na sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Embe za kupandikiza twazila kila msimu, na ndizi tulazo hazina mbegu, ilhali ndizi mwitu zimejaa mbegu. Kupandikiza si sawasawa na kuhamisha jeni, na anayesema ni jambo moja anarahisisha mno. Lakini yatuonyesha kwamba mkono wa mkulima umekuwa juu ya mbegu tangu zamani, na dini haikuwa ikiuliza kama mkono huo umegusa, bali umegusa kwa manufaa au kwa madhara.

Tena kuna kisa cha mitende ya Madina, kilichopokewa na Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita kwa watu waliokuwa wakiichavusha mitende kwa mikono, akasema kwamba haoni kama jambo hilo lafaa kitu. Kwa mapenzi yao kwake wakaliacha, na mavuno yakapungua. Alipopata habari hakuwalaumu. Aliwabainishia kwamba hiyo ilikuwa ni dhana yake tu, na kwamba katika mambo ya dunia yao kama hayo wao wana ujuzi zaidi. Ikiwa yeye, mbora wa viumbe, alipambanua baina ya wahyi na dhana katika jambo la mitende, sembuse sisi tusiojua hata jani la mpunga lina nini? Tulichokifanya Alhamisi ile ni kuivisha dhana kilemba cha dini.

Hapa baadhi yenu mtatarajia tuseme kwamba basi jambo limekwisha: mchele ni halali, wataalamu wanajua, sisi tunyamaze. La. Kuna kisa kingine ambacho tulipokisoma tulikumbuka swali la yule mama.

Mwaka 2008, katika jimbo la Hunan nchini China, watafiti waliokuwa wakishirikiana na chuo kikuu kimoja cha Marekani walitaka kupima iwapo mwili wa mtoto huigeuza kweli beta-karotini ya mchele huu kuwa vitamini A. Watoto wa shule wenye umri wa miaka 6 hadi 8 waligawanywa: wengine walilishwa mchele wa manjano, wengine mchicha wa kizungu, wengine beta-karotini iliyo katika mafuta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, nayo yalikuwa mazuri. Bakuli moja la wali huo lingempatia mtoto kiasi cha asilimia 60 ya mahitaji yake ya siku kwa vipimo vya China.

Lakini ikagundulika kwamba wazazi hawakuelezwa waziwazi kwamba mchele waliolishwa watoto wao ulikuwa umegeuzwa jeni. Karatasi walizotia saini hazikulitaja jambo hilo. Ghadhabu ikawa kubwa. Serikali ya China iliwaadhibu maofisa watatu, na familia zikalipwa fidia. Uchunguzi wa chuo kile haukuona kwamba kuna mtoto aliyedhurika, wala kwamba hesabu zilighushiwa. Hata hivyo, mwaka 2015 jarida lililoichapisha kazi ile liliifuta. Elimu iliyokuwa na faida ikapotea, kwa sababu mama hakuambiwa mwanawe analishwa nini.

Tutafakari. Mtafiti wa Hunan alikuwa na elimu akaificha. Sisi hatukuwa na elimu tukaidai. Yeye alimlisha mtoto bila ya mama kujua, nasi tukamzuilia mtoto dawa bila ya sisi kujua. Twaona makosa haya mawili ni ya ukoo mmoja, nao ni kuvunja amana. Mama ndiye atakayesimama mbele ya Mola wake kuulizwa juu ya mtoto aliyepewa amlee, na atasimama vipi ikiwa waliompa habari walimpunguzia au walimzidishia?

Qur'ani imetuamrisha kula kilicho halali na kilicho kizuri, na haikutosheka na neno moja. Uhalali wa mchele huu twaweza kuusoma katika jeni zake na katika fatwa za wanavyuoni. Uzuri wake unataka zaidi. Unataka ukweli wa anayeuza, uangalizi wa serikali, na ridhaa ya anayekula.

Hayo ndiyo yaliyogombaniwa Ufilipino, nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu wakulima wake kuupanda mchele huu kwa biashara, mwezi wa Julai mwaka 2021. Waliouendeleza walikadiria kwamba waweza kumpatia mtoto mdogo hadi nusu ya mahitaji yake ya vitamini A. Leseni yake iliwekwa ili mkulima maskini asitozwe ada zaidi na aruhusiwe kuhifadhi mbegu za msimu ujao. Kwa upande wa pili, kundi la wakulima la Masipag pamoja na shirika la Greenpeace walikwenda mahakamani. Hofu yao ilikuwa juu ya mbegu za asili kuchanganyika na juu ya uwezo wa serikali kufuatilia mchele huo ukishatoka. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ilivifuta vibali vyake mpaka masharti ya sheria yatimizwe. Majaji hawakusema kwamba mchele ni sumu. Walisema serikali haijaonyesha ya kutosha kwamba tahadhari imechukuliwa.

Wapo waliolia kwa hukumu hiyo, wakisema kila mwaka unaopita kuna watoto wanaopofuka. Mwaka 2016 wanasayansi zaidi ya 100 waliotuzwa Nobel walikuwa wamekwisha kutia saini barua ya kuwataka wapinzani waache kuuzuia. Na wapo waliofurahi, wakisema kwamba mtu maskini naye ana haki ya kuulizwa kabla ya kusaidiwa. Sisi twaona kila upande umeshika sehemu ya haki. Kuchelewa kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtoto asiyekuwamo mahakamani. Na haraka ina gharama vilevile, kwani watu wakishahisi kwamba wamefichwa jambo moja, hukataa hata lile lililo wazi. Mama wa nyumba ya tatu kutoka msikitini alikataa mafuta ya vitamini kwa sababu ya mchele ambao haujawahi kufika mtaani kwake.

Kwa hakika mchele huo haujaidhinishwa kupandwa hapa Kenya, na mwenye duka akikuuzia mchele wa manjano leo, jua ni wa bizari au wa hila. Lakini suala lenyewe litatufikia. Serikali ilizuia vyakula vya GMO kuingizwa nchini mwaka 2012, ikaondoa zuio hilo mwezi wa Oktoba mwaka 2022, na jambo likaburutana mahakamani. Na wataalamu wa Kenya na wa Nigeria, wakishirikiana na wa Marekani, wamekuwa wakiutafiti muhogo uliogeuzwa jeni ili uwe na madini zaidi ya chuma na zinki. Muhogo ni chakula chetu cha alfajiri na cha futari. Siku utakapoletwa sokoni tutaulizwa tena, nasi twataka siku hiyo tuwe watu wa kuuliza vizuri, tusiwe watu wa kusambaza sauti za simu.

Na tuulize nini? Tuulize jeni imetoka wapi, je, ni katika kitu cha halali? Tuulize ni nani aliyekipima chakula, na je, matokeo yake yanaweza kusomwa na asiyelipwa naye? Tuulize kirutubisho kinachosifiwa chabaki kiasi gani baada ya chakula kukaa ghalani na kupikwa, kwani beta-karotini ya mchele ule hupungua kadiri unavyokaa. Tuulize mbegu ni ya mkulima au atainunua kila msimu. Na tudai alama. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zataka chakula chenye viambato vilivyogeuzwa jeni kupita asilimia 1 kiandikwe hivyo. Hii ni haki ya mnunuzi, na kuidai si ukaidi.

Wakati huo huo, tusimwache mtoto akingoja wakubwa wamalize kesi zao. Kliniki zetu huwapa watoto vitamini A kila baada ya miezi sita, tangu mwezi wa sita mpaka watimize miaka mitano. Twawasihi mama zetu wasiiache, na twarudia kwa herufi zilizo wazi: haina uhusiano na mchele wa manjano. Ukiwa na shaka, muulize muuguzi kama alivyouliza yule mama, na usione haya kuuliza mpaka utosheke.

Tena tazameni vyunguni mwetu. Mchicha, majani ya kunde, kisamvu, boga, embe mbivu na papai vyote vina beta-karotini. Na beta-karotini huhitaji mafuta ili mwili uipokee vyema. Bibi zetu waliopika mchicha na boga kwa tui la nazi hawakusoma elimu ya lishe, lakini sufuria yao ilikuwa imekamilika. Leo twaona nyumba nyingi mtoto anapewa wali na mchuzi mwepesi, au chai na mkate asubuhi na jioni, huku mboga zikionekana kuwa chakula cha siku ya kukosa. Hilo si tatizo la jeni. Ni tatizo la kuona haya chakula kilichowalea wazee wetu.

Na mfano mwema upo karibu. Kuna viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vilivyopatikana kwa kuchagua na kuzalisha mbegu kwa njia ya kawaida, bila ya kuhamisha jeni. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low kwa kazi ya viazi hivyo, pamoja na Howarth Bouis aliyeieneza fikra ya kuongeza virutubisho katika mazao. Kilichotuvutia katika kazi hiyo ni kwamba akina mama walifundishwa, wakaonja, wakapanda wenyewe, wakawapikia watoto wao. Yaani waliulizwa. Hatusemi kwamba kiazi kinatosha mahali pa kila kitu. Twasema kwamba chakula kilichopitia mkononi mwa mama anayekijua hakihitaji walinzi shambani.

Tumalizie kwa nafsi yetu. Tangu usiku ule tumejiwekea sharti katika darsa. Tukiulizwa jambo la tiba au la kilimo, twasema hukumu ya dini tunayoijua, na lililobaki twamwachia mwenye fani yake, na Alhamisi moja ya kila mwezi tunamwalika aje ajibu mwenyewe. Yule binti muuguzi ndiye aliyekuja wa kwanza. Alikaa mbele, sisi tukakaa pembeni na daftari, tukaandika.

Yule mama naye alikuwapo, mtoto mgongoni. Wakati wa maswali aliinua mkono, na tulikiri moyoni kwamba tuliingiwa na hofu. Lakini hakutuuliza sisi. Alimuuliza muuguzi: “Hili unalolisema, umelijua au umelisikia?” Darasa zima likacheka, na muuguzi naye akacheka, kisha akajibu jinsi alivyolijua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya elimu, awahifadhi watoto wetu macho yao na nyoyo zao, aturuzuku kilicho halali na kizuri, na atujaalie kila mwenye ulimi miongoni mwetu akumbuke swali la mama huyu kabla ya kufungua kinywa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.